Mkeka wa judo na turubai la mchoraji: Zen iliingiaje kwenye sanaa ya kisasa?

Oktoba 1960, katika kitongoji cha Fontenay-aux-Roses nje kidogo ya Paris, mwanamume aliyevaa suti alipanda juu ya ukuta wa nyumba akajirusha. Hakuruka kama mtu anayekimbia moto, miguu mbele. Aliruka kama mwogeleaji: kifua kimetangulia, mikono ameitandaza, uso ameuinua kana kwamba kuna mtu anamwita huko juu. Chini yake picha inaonyesha lami tupu. Kwa mbali yupo mtu wa baiskeli anayekwenda zake, wala hageuki. Mrukaji ni Yves Klein, msanii wa Kifaransa. Picha hiyo aliitoa tarehe 27 Novemba mwaka huohuo katika gazeti la kurasa nne alilolibuni mwenyewe, gazeti lililoishi siku moja tu.

Lami haikuwa tupu. Wapiga picha Harry Shunk na János Kender walipiga picha zaidi ya moja: ya Klein akiwa hewani huku watu wamekinga turubai chini, na ya barabara ileile bila watu hao. Kisha wakaziunga kwenye chumba cha giza. Waliokinga turubai walikuwa wenzake wa judo. Klein mwenyewe alikuwa na mkanda mweusi, dani ya nne, aliyoipata Kodokan, makao makuu ya judo mjini Tokyo, Desemba 1953.

Nalipenda neno turubai kwa sababu hii. Kwetu ni lilelile la kufunikia mzigo wa lori na lilelile la mchoraji kupakia rangi. Siku ile yalikutana yote mawili.

Ukisoma maelezo yanayobandikwa kando ya picha kama hii kwenye majumba ya makumbusho, mara nyingi utakutana na neno Zen. Utupu wa lami, ujasiri wa kuruka, utulivu wa uso, vyote huitwa Zen. Halafu linafuata neno samurai, halafu judo, na msomaji anaondoka akiamini kwamba watawa wa Kijapani waliwafundisha wapiganaji, wapiganaji wakawafundisha wachoraji, na wachoraji wakatuletea karatasi nyeupe isiyo na kitu kwa bei ya nyumba. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, ila imefungwa furushi moja vitu ambavyo havikutoka duka moja. Tulifungue.

Zen ni madhehebu ya Ubuddha. Jina lilianzia kwenye Kisanskriti, dhyana, yaani taamuli. Wachina wakalitamka chan, Wajapani wakalitamka zen. Waliolipandikiza Japani ni watawa kama Eisai, aliyerudi kutoka China mwaka 1191, na Dogen, aliyezaliwa 1200. Kazi kubwa ya mtawa wa Zen ni kuketi. Unakunja miguu, unanyoosha mgongo, unafuata pumzi. Wazo likija unaliacha lipite kama gari la watu wengine. Saa nyingi, miaka mingi. Mtu aliyewahi kujaribu hata dakika ishirini anajua kwamba goti linaanza kulalamika kabla roho haijatulia.

Watawala wa kijeshi waliokaa Kamakura waliwafadhili watawa hao, na hapo ndipo upanga na taamuli vilipokaribiana. Ushahidi mzuri zaidi ni maandishi ya mtawa Takuan Soho (1573–1645) kwa Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Takuan anamwambia hivi, kwa maneno yangu: ukiutazama upanga wa adui, akili yako imetekwa na upanga wa adui, ukiutazama upanga wako, imetekwa na wako, ukiiweka mahali popote, imenasa mahali hapo. Iache itembee. Huo ni ushauri wa kiroho ambao ni ushauri wa kiufundi pia. Mpiganaji anayesita anakatwa.

Lakini kutoka hapo kusema kwamba sanaa za mapigano za Japani ni tawi la Zen ni kuruka bila turubai. Shule nyingi za zamani za upanga zilijengwa juu ya Ushinto (dini ya asili ya Japani), mafundisho ya Konfusio na Ubuddha wa siri wenye mantra (maneno matakatifu ya kukariri) na ishara za vidole, bila Zen kuwa nguzo. Judo ni ya juzi tu: aliianzisha Kano Jigoro mwaka 1882, na Kano alikuwa mwalimu wa shule mwenye mawazo ya kisasa kuhusu elimu ya viungo. Kanuni yake maarufu inaitwa seiryoku zen'yo, na nimeona watu wakiinua mikono kwa furaha: tazama, zen imo humo! Imo kwa sauti tu. Inaandikwa kwa herufi nyingine kabisa, yenye maana ya wema. Kano alimaanisha kutumia nguvu vizuri.

Karate nayo ilitoka visiwa vya Okinawa, na jina lake la awali liliandikwa kwa herufi za mkono wa Kichina. Katika miaka ya 1930 herufi zilibadilishwa zikawa mkono mtupu, matamshi yakibaki yaleyale. Waliobadilisha walitaja utupu wa Kibuddha. Pia ulikuwa wakati ambao kuitwa cha Kichina nchini Japani hakukuwa na faida. Na ile hadithi tuliyoibeba kutoka kwenye vibanda vya video, ya mtawa wa kale Bodhidharma kuwafundisha watawa wa Shaolin mapigano, wanahistoria wanaifuatilia hadi kwenye andiko la mwaka 1624, zaidi ya miaka elfu moja baada ya huyo Bodhidharma.

Basi Zen hii iliyojaa upanga na upinde imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka vitabuni, na vitabu vyenyewe ni vya karne ya 20.

Mwandishi mmoja ni D. T. Suzuki (1870–1966), msomi wa Kijapani aliyeandika Kiingereza kizuri na kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika miaka ya 1950. Yeye ndiye aliyewaeleza Wamarekani kwamba chai, bustani, upanga, wino na ushairi wa Kijapani vyote vina mzizi wa Zen. Mwingine ni Eugen Herrigel, Mjerumani aliyefundisha falsafa mjini Sendai kati ya 1924 na 1929 na kujifunza upinde kwa Awa Kenzo. Kitabu chake kidogo kuhusu Zen na upinde kilitoka 1948, na kikasomwa dunia nzima.

Kisa kinachokumbukwa ndani yake ni cha usiku. Mwalimu anamwita Herrigel kwenye uwanja wa mazoezi. Giza totoro. Mbele ya shabaha kimechomekwa kijiti cha udi chembamba, na nuru yake ni ile nukta nyekundu tu, haimuliki kitu. Awa anafyatua mshale wa kwanza, wa pili. Herrigel anakwenda kuwasha taa. Mshale wa kwanza umekaa katikati ya shabaha. Wa pili umeupasua wa kwanza kwa nyuma. Mwalimu anasema ule wa pili haukutoka kwake: kuna kitu kingine kilichofyatua.

Kisa kitamu. Msomi wa Kijapani Yamada Shoji alikichunguza na kuonyesha mambo ambayo wasomaji wa Ulaya hawakuyajua. Awa hakuwa amesomea Zen. Alikuwa na mafundisho yake mwenyewe ya upinde, ya kiroho na ya ajabuajabu kidogo hata machoni pa wapiga upinde wenzake. Herrigel alimtegemea mkalimani, na usiku ule mkalimani hakuwapo. Na baadaye Awa alimwambia mwanafunzi wake mwingine kwamba ule mshale wa pili ulikuwa bahati tu. Juu ya hayo, Herrigel alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, jambo ambalo mashabiki wa kitabu huliruka haraka.

Pamoja na hayo yote, kitabu kilifanya kazi. Mchoraji Georges Braque alimpa mpiga picha Henri Cartier-Bresson, na Cartier-Bresson akakichukua kama maelezo ya kazi yake mwenyewe: kusubiri, kutojisukuma, kuachia kitufe wakati jicho na mwili vimekubaliana. Sioni sababu ya kumcheka. Alikuwa tayari anapiga picha hivyo tangu miaka ya 1930; kitabu kilimpa maneno. Na hapa ndipo ninapoona fundo lenyewe la jambo hili. Mara nyingi Zen iliyowafikia wasanii wa Magharibi ilikuwa maneno ya kueleza kitu walichokuwa wameshaanza. Kilichobadilisha mkono kweli kilikuwa mazoezi ya mwili: kushika brashi kwa namna fulani, kuanguka kwenye mkeka, kukanyaga rangi.

Tuanze na brashi. Kiswahili kinaita uchoraji sanaa, na karate nayo tunaiweka kwenye sanaa za mapigano, neno lilelile. Kijapani nacho kina geijutsu kwa sanaa na bujutsu kwa mapigano, na hiyo jutsu ni moja. Ukitaka kuona kwa nini, mtazame Miyamoto Musashi, mpiga panga mashuhuri aliyefariki 1645. Alichora pia. Mchoro wake unaojulikana zaidi umehifadhiwa katika makumbusho ya Kuboso, mji wa Izumi, mkoa wa Osaka. Ni wa wino mweusi. Kuna kijiti kirefu kikavu, kimepanda kutoka chini hadi karibu na juu, na kimechorwa kwa mkokoto mmoja wa brashi. Juu ya ncha ametua ndege mla nyama, jamaa ya mbwigu wetu, anatazama pembeni. Ukishusha macho polepole kwenye kijiti, katikati yake unamkuta kiwavi anapanda. Hajui kilichoko juu.

Mkokoto ule haurekebishiki, na sababu yake haina fumbo lolote. Wino wa Kijapani hutengenezwa kwa masizi na gundi, unasuguliwa na maji kwenye jiwe, na karatasi inaunywa mara moja. Ukisimama, wino unatanda na kufanya doa. Ukiharakisha, brashi inakauka na kuacha nyuzinyuzi nyeupe. Ukirudia juu yake, kila mtu ataona. Rangi ya mafuta ya Ulaya inakwanguliwa, inafunikwa, inaachwa wiki na kurudiwa. Wino hauna huruma hiyo. Kwa hiyo anayechora kwa wino anafanya kile anachofanya mpiga panga: miaka ya kurudia umbo lilelile, halafu tendo moja la sekunde chache ambalo mwili wote umo ndani. Mduara wa enso, ule wanaouchora watawa wa Zen kwa mzunguko mmoja wa brashi, ni mtihani wa namna hiyo. Unaonyesha ulikuwa katika hali gani ulipouchora, hata kama ulikuwa na mafua.

Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana wa kaligrafia, yaani uandishi wa herufi kwa brashi, wa Kyoto walitaka kuutoa ufundi huu kwenye vumbi. Morita Shiryu alianzisha jarida la Bokubi mwaka 1951, na jalada la toleo la kwanza lilibeba kazi ya mchoraji wa Kimarekani, Franz Kline. Mwenzake Morita, Inoue Yuichi, mwalimu wa shule ya msingi aliyenusurika mabomu ya Tokyo ya Machi 1945, aliandika herufi moja kubwa kwa brashi kubwa kama ufagio, akiwa amesimama juu ya karatasi yenyewe. Herufi aliyoirudia sana ni ile ya umaskini. Ukiitazama inafanana na mtu anayetembea.

Kline naye alichora mapigo mapana meusi juu ya nyeupe, na kila aliyeyaona alisema: kaligrafia ya Kijapani hiyo. Mwenyewe alikataa. Alisisitiza kwamba nyeupe aliipaka kama alivyopaka nyeusi, haikuwa karatasi iliyoachwa wazi. Alitumia brashi za wapaka rangi za nyumba na rangi za dukani, na mapigo yale yanayoonekana ya ghafla mara nyingi aliyafanyia majaribio kwanza kwenye kurasa za kitabu cha simu. Namwamini. Anayefanana na mtu si lazima awe mtoto wake. Mchoraji mwingine wa Kimarekani, Mark Tobey, ni kisa tofauti: yeye alikaa kwenye hekalu la Zen mjini Kyoto mwaka 1934, akashika brashi, akarudi na uchoraji wake wa mistari myeupe iliyosokotana. Ila hata yeye imani yake ilikuwa Bahai.

Halafu yupo mtunzi wa muziki wa Kimarekani, John Cage, ambaye bila yeye makala kama hii haiwezi kuandikwa. Alihudhuria mihadhara ya Suzuki huko Columbia. Tarehe 29 Agosti 1952, katika ukumbi wa Maverick karibu na Woodstock, jimbo la New York, mpiga piano David Tudor aliketi, akafunika kibao cha piano, akatazama saa. Akakifunua, akakifunika tena: sehemu ya pili. Kisha ya tatu. Dakika nne na sekunde 33 bila noti hata moja. Ukumbi ulikuwa wazi upande mmoja kuelekea msitu. Cage alisema baadaye kwamba ulisikika upepo, kisha matone ya mvua juu ya paa, kisha watu wakinong'ona na kuondoka. Alikiri kwamba asingefanya aliyoyafanya bila Zen, na papo hapo akaomba Zen isilaumiwe kwa aliyoyafanya. Huo ndio uungwana. Aliongeza pia kwamba turubai nyeupe za rafiki yake Robert Rauschenberg, za mwaka 1951, ndizo zilizompa moyo. Ukitafuta chanzo kimoja hapa utachoka.

Cage alipita njia ya kitabu na mhadhara. Huko Japani kwenyewe, mtu mwingine alipita njia ya nyayo.

Kikundi cha wasanii cha Gutai kilianzishwa 1954 katika mji wa Ashiya na Yoshihara Jiro, mchoraji ambaye pia alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya kula. Amri yake kwa vijana ilikuwa moja: fanyeni kitu ambacho hakijawahi kufanywa. Yeye mwenyewe alivutiwa na kaligrafia ya Nantenbo, mtawa wa Zen aliyefariki 1925, na uzeeni akachora miduara na miduara. Vijana wake walikwenda kwingine. Murakami Saburo alijirusha na kupasua karatasi zilizowambwa kwenye fremu, moja baada ya nyingine. Shimamoto Shozo alivurumisha chupa za rangi. Na Shiraga Kazuo, mzaliwa wa Amagasaki, aliyesomea uchoraji wa jadi wa Kijapani hadi akauchoka, aliweka brashi chini akavua viatu.

Oktoba 1955, kwenye maonyesho ya kwanza ya Gutai jijini Tokyo, Shiraga aliingia kwenye lundo la matope uani akiwa na kaptula tu. Akapiga mieleka nayo. Aliyakumbatia, akayapiga ngumi, akajiviringisha, matope yakamvuta, akajinasua, akarudi. Alitoka na michubuko. Matope yaliyobaki, yenye mashimo ya magoti na viwiko, yakaachwa palepale kama kazi ya sanaa. Je, alishinda nani? Mapigano bila mpinzani ni jambo ambalo mwanakarate anayefanya kata, yaani mfuatano wa miondoko uliopangwa, peke yake analielewa.

Nyumbani alichora kwa miguu. Turubai limelazwa sakafuni, kamba inaning'inia kutoka darini. Mkewe Fujiko, naye msanii wa Gutai, alikuwa msaidizi wake katika kazi hiyo. Shiraga anaishika kamba, anabembea, nyayo zinateleza kwenye rangi nzito kama uji, zinafika mwisho, zinageuka kwa kisigino. Ukisogea karibu na mchoro wake unaona mfereji uliochimbwa na unyayo, na ukingoni mwake rangi imepanda kama tope la njiani baada ya gurudumu kupita. Sehemu nyingine unaona vidole. Mwili hauna muda wa kufikiri ukiwa unateleza. Ama unasimama wima ama unaanguka.

Wakosoaji wa Ulaya walitamani sana kuiita Zen. Mwaka 1971 Shiraga alipata utawa kweli, katika hekalu la Enryaku-ji juu ya mlima Hiei. Hilo ni hekalu kuu la Tendai, madhehebu ya kale kuliko Zen nchini Japani, yenye miungu ya moto na mantra. Kwa Mjapani tofauti hiyo ni kubwa kama ya Mkatoliki na Mlokole. Lebo za makumbusho huipita kimyakimya.

Kuna kitu kingine nyuma ya hayo matope. Budo, yaani sanaa za mapigano za Kijapani, ilikuwa imetumiwa na jeshi. Shuleni watoto walifundishwa upanga na judo kwa ajili ya kufa vitani. Baada ya kushindwa mwaka 1945, Wamarekani waliokalia Japani wakapiga marufuku mafunzo hayo shuleni. Judo iliruhusiwa tena 1950. Kwa hiyo kizazi cha Gutai kilikuwa na mwili uliofundishwa kutii amri, na sasa kiliutafutia kazi nyingine. Ukilijua hilo, Murakami akipasua karatasi anaonekana tofauti.

Na ukilijua hilo unaelewa Klein alifika wapi. Alishuka meli Yokohama Septemba 1952, miezi michache tangu ukaliaji wa Wamarekani umalizike. Alikuwa na miaka 24. Judo alianza mwaka 1947 kwenye klabu ya polisi mjini Nice, na huko ndiko alikopata marafiki wake wawili, Arman na Claude Pascal. Japani alikaa zaidi ya mwaka, akifanya mazoezi Kodokan. Alirudi na dani ya nne. Shirikisho la judo la Ufaransa likakataa kuitambua. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha judo kilichojaa picha za kata. Akafundisha Madrid, akafungua shule yake Paris, ikafungwa 1956. Hapo ndipo alipobaki na uchoraji. Mwalimu wa judo aliyekosa kazi ndiye tunayemwita leo baba wa utupu.

Aliyewahi kuingia darasa la judo anajua kwamba wiki za kwanza hufundishwi kumwangusha mtu. Unafundishwa kuanguka. Unachuchumaa, unajiachia nyuma, kidevu kifuani, mikono inapiga mkeka pah! kwa wakati mmoja na mgongo. Mara mia. Halafu ubavu. Halafu kwa kujiviringisha juu ya bega. Mwili unazaliwa na hofu ya ardhi, na kazi ya mwalimu ni kuiondoa hofu hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Yule mtu wa Fontenay-aux-Roses alikuwa ameanguka maelfu ya mara. Ujasiri wa uso wake sina haja ya kuutafutia maelezo kwa watawa.

Kata nayo inaeleza jambo. Katika kata ya kurusha ya judo kuna mitupo 15, kila mmoja kulia na kushoto, na wote wawili wanajua kitakachotokea. Hakuna mshindi. Ni sherehe ya mtupo. Tarehe 9 Machi 1960 Klein aliwaalika watu kwenye jumba la maonyesho jijini Paris. Aliingia na suti rasmi nyeusi. Wanamuziki wakashikilia sauti moja kwa dakika 20, kisha wakanyamaza dakika 20 nyingine. Wanawake watatu uchi wakajipaka rangi ya buluu kifuani, tumboni na mapajani, wakajigandamiza kwenye karatasi kwa maelekezo yake. Yeye hakugusa rangi. Kilichobaki ni alama za miili, kama jasho linaloachwa kwenye mkeka mtu anapotupwa. Nakiri inanikwaza. Kwenye mazoezi ya judo anayetupa na anayetupwa hubadilishana zamu. Jioni ile zamu haikubadilishwa.

Buluu yenyewe ni ufundi wa duka la rangi. Buluu ya unga inapendeza ikiwa kavu. Ukiichanganya na mafuta inazama na kufifia. Klein, kwa msaada wa muuza rangi Édouard Adam, alipata gundi ya plastiki iitwayo Rhodopas iliyoushika unga bila kuuzima, akaupaka kwa rola ili mkono wake usionekane. Januari 1957 mjini Milano alitundika vipande 11 vya buluu hiyo, vyote ukubwa mmoja. Je, huo ndio utupu wa Zen? Klein alikuwa msomaji mkubwa wa Max Heindel na Warosikrusi wake, kundi la mafundisho ya siri, waliofundisha kwamba roho itavuka mwili na kuingia katika anga. Pia alikuwa Mkatoliki aliyempenda Mtakatifu Rita wa Cascia, akampelekea nadhiri mwaka 1961 ndani ya kisanduku chenye buluu, waridi na dhahabu. Anga lake lilikuwa na malaika. Kutoka Japani alileta mkeka. Alikufa kwa moyo Juni 1962, na miaka 34.

Septemba mwaka huohuo, Wiesbaden, Ujerumani, kijana kutoka Korea alifanya jambo ambalo kwangu ni maoni bora kuliko yote kuhusu somo hili. Jina lake Nam June Paik. Aliichukua kazi ya mtunzi wa muziki La Monte Young yenye maagizo ya sentensi moja tu: chora mstari mnyoofu na uufuate. Paik alitandaza karatasi ndefu sakafuni, akachovya kwenye bakuli la wino na juisi ya nyanya kichwa chake, mikono yake na tai yake, akapiga magoti na kurudi kinyumenyume akiburuta. Nywele zikawa brashi. Kazi hiyo aliipa jina la Zen kwa ajili ya kichwa.

Paik alizaliwa Seoul chini ya utawala wa kikoloni wa Japani. Mwaka 1964 aliandika kwamba kwa kawaida hukwepa kuizungumzia Zen, asije akawa muuzaji wa utamaduni kama Suzuki. Tena akailaumu Zen kwa umaskini wa Asia. Karatasi ile bado ipo kwenye makumbusho ya Wiesbaden. Mstari wake unaanza mnene, unakonda, unayumba kidogo pale ambapo shingo, nadhani, ilichoka.